Katuni ya punda niliyoitia harusi kule Mkuyuni, na siku nilipoletewa toleo jipya lenye deleted scenes

Wakuu, heshima zenu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, naondoka bila kuaga. Leo na mimi nimeona nichangie.

Ninachoandika ni kweli tupu. Najua muongo mzoefu akisema "kweli tupu" watu wanashika mifuko yao, na mkisoma mpaka chini mtaona kwamba mimi ni muongo mzoefu hasa. Lakini safari hii nina mashahidi watatu, na mmoja wao ana bakora.

Majina ya watu nimebadilisha. Jina la punda nimeliacha, maana nililitunga mwenyewe.

Twende.

Kwa wale mliozaliwa mkakuta ving'amuzi, zamani ukitaka kuona picha unaenda banda la video. Kule Mkuyuni, njia ya kwenda Matombo, banda lilikuwa la Mzee Kibwana. Deki moja, TV moja ya chogo, jenereta nje, mabenchi ya mbao yaliyotuachia alama mpaka leo.

Mimi nilikuwa mtafsiri wake. Nimemaliza form four na matokeo ambayo hayana haja ya kutajwa hapa. Jina la kazi: DJ Kasuku.

Kazi yenyewe ni hivi. Picha inaongea Kiingereza, wewe unashika maiki, unapunguza sauti ya TV, unawasimulia watu kwa Kiswahili. Kiingereza changu kilikuwa kinaishia kwenye "may I go out", lakini hakuna aliyekuja pale kusikiliza Kiingereza. Watu walikuja kusikiliza maneno. Na maneno ninayo, Mungu hakuninyima.

Steringi nampa jina la kwetu. Adui namwita Mgambo. Gari likipanda mlima nawaambia linaelekea Kinole. Nani atanibishia?

Sasa katika kaseti za mzee kulikuwa na katuni moja ya zamani sana ya wazungu. Punda mdogo ametenganishwa na mama yake kwenye stesheni ya treni, anazunguka nchi nzima kumtafuta. Nikamwita Kadogoo. Mkubwa wa stesheni, mwenye masharubu na roho mbaya, nikamwita Bwana Ushuru. Watoto wa Mkuyuni walikuwa wanamchukia Bwana Ushuru kuliko njaa.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mzee Kibwana alikuwa na kazi ya pili, kupiga video za harusi. Ana lile likamera la begani linalomeza kaseti nzima. Yeye anapiga, mimi nabeba taa. Siku hiyo tukaenda kwenye harusi Kihonda, mjini. Tumebeba kaseti tupu moja tu, kwa ubahili wa mzee, na ikajaa kabla chakula hakijatoka.

Mzee akanigeukia. "Kaseti nyingine!"

Nyingine haipo. Kwenye begi ipo katuni ya punda, ambayo tuliipitisha mjini kuisafisha.

Wanaojua kaseti wanakumbuka. Ile ya dukani inakuwa na kitundu pembeni, kipande kimeondolewa makusudi ili usiweze kurekodi juu yake. Ukitaka kurekodi, unaziba kile kitundu kwa solotepu. Basi. Teknolojia yote ya wazungu inashindwa na solotepu.

Nikaziba. Nikampa. Nikajiambia hizi dakika chache za chakula zitaingia mwishoni kwenye majina ya wachoraji, pale ambapo hakuna mtu anaangalia. Sikuangalia kaseti imesimama wapi.

(Wale wa familia ile, kama mpo humu: video yenu iliisha kabla ya pilau, tukawaambia umeme ulikatika. Haukukatika. Mnisamehe.)

Jumapili iliyofuata banda limejaa watoto, mbele wamekaa chini kwenye vumbi. Kadogoo anatembea kwenye mvua, amelia mpaka amechoka, anajilaza chini ya daraja. Watoto kimya. Na mimi nasimulia kwa huzuni, sauti nimeishusha.

Ghafla skrini nzima ikajaa sinia la pilau.

Wakuu, nilikufa kidogo. Mzee Kibwana pale mlangoni aligeuka akanitazama, nikaona maisha yangu yanaisha. Watu wamevaa kanga, wengine suti, wanakula, wanapunga mikono. Na wanaongea Kiswahili, sauti inatoka kwenye TV!

Mkono ukakimbilia kwenye kitufe, nikashusha sauti mpaka sifuri. Mdomo ukafanya mengine wenyewe.

"Kadogoo usingizi umempitia! Sasa anaota! Anaota ameachana na upunda, amealikwa harusi ya binadamu!"

Watoto: "Eeeeh!"

Kama dakika nane nilisimulia ile harusi. Yule mwenye kofia nikamfanya mjomba wa bibi harusi anayeficha nyama mfukoni. Bwana harusi nikasema anadaiwa suti. Kila aliyepita mbele ya kamera nilimpa jina na dhambi yake. Watoto walianguka kwa kucheka. Harusi ilipokatika, katuni ikarudi, Kadogoo yuko kwenye mashua. Nikasema, "Akaamka, akajikuta yuko majini." Wakapiga makofi.

Mzee Kibwana hakunifukuza. Aliuliza tu kesho tunaonyesha saa ngapi.

Ile katuni ikawa ndiyo mali ya banda. Miaka imepita, kaseti ile ile, na kila inapofika kwenye harusi nashusha sauti, narusha maneno. Watu wazima wakaanza kuja. Baadaye jamaa mwingine akafungua banda upande wa pili wa soko, na mitambo ya CD, picha safi kama kioo, akaonyesha katuni hiyo hiyo. Haina harusi. Watu wakadai kiingilio chao, wakamwambia ana kopi feki.

Wakaja kuniuliza. Nilikuwa nimeokota neno moja kwenye gazeti la Kiingereza lililofungiwa vitumbua, na nikalitumia.

"Ile ni deleted scene. Wazungu wameikata. Sisi tunayo ya kabla haijakatwa."

Mpaka leo kuna watu wazima wa Mkuyuni, wengine wana vyeo, wanaamini kabisa kuna katuni ya Ulaya yenye pilau.

Haya, tuache ya zamani.

Sasa hivi niko Kihonda. Nina kibanda cha ufundi, natengeneza TV, redio na ving'amuzi. Umri umeenda, nina kitambi, Kasuku hakuna anayeniita.

Alhamisi moja mchana akaja dada mmoja, kavaa kiualimu, mkoba begani. "Shikamoo kaka."

"Marahaba dada, karibu."

"Samahani, una deki ya DVD inayofanya kazi? Nimezunguka mji mzima."

Nikasema ipo. Akatoa kwenye mkoba boksi limefungwa karatasi, akalifungua polepole. Wakuu, alikuwa Kadogoo! Anang'aa, rangi mpya, mbele ameandikwa kwa dhahabu. Toleo jipya, diski mbili, limesafishwa, na chini yake maandishi: BONUS FEATURES. DELETED SCENES.

Nikacheka kwa furaha. Nikasema, "Huyu punda namjua mimi!"

Akanitazama usoni. "Najua. Wewe ni DJ Kasuku. Sauti yako nimeijua ulipoitikia shikamoo. Mimi naitwa Sikudhani, nimekulia Mkuyuni kwa bibi yangu. Nilielekezwa kwako kwa ajili ya deki tu, sikujua ni wewe."

Nikavimba kichwa. Msanii kukumbukwa si jambo dogo.

"Kaka, naomba nikuulize kitu. Ile katuni ilikuwa na harusi katikati. Ilikuwepo kweli?"

Hapo ndugu zangu ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Lakini mazoea yana tabu. Mdomo ulishatangulia.

"Ilikuwepo! Wazungu waliikata. Deleted scene ile."

Akakaa kwenye stuli yangu ya kazi. Nikaona macho yamejaa machozi. Akasema, "Alhamdulillahi."

Nikauliza kulikoni, mwalimu. (Ni mwalimu wa msingi hapo hapo Kihonda.)

Akanieleza.

Mama yake alifariki yeye ana miaka mitano. Walikuwa wanaishi huku mjini. Kama mnavyojua sisi Waluguru, mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo akapelekwa Mkuyuni kwa bibi mzaa mama. Picha ya mama ilibaki moja, ile ndogo ya kitambulisho, na muhuri umepita usoni.

Akiwa na miaka minane akaja bandani kwangu na wenzake. Katikati ya katuni akamwona mama yake. Anakula pilau.

Akakimbia nyumbani kumwambia bibi. "Bibi, mama yuko kwenye picha ya punda." Bibi akamchapa kwa kumzulia marehemu, halafu bibi mwenyewe akakaa chini akalia. Bandani akakatazwa asikanyage tena. Ukoo mzima ukamwambia aliota.

"Nimekua na hilo," akasema. "Sura ya mama ninayoikumbuka ni ile. Sasa kama niliota, basi sina sura yake kabisa. Nimejitungia mtu. Ndiyo maana niliposikia wametoa toleo jipya na vipande vilivyokatwa, nikamwagiza shemeji yangu aliyeko nje. Limechukua miezi kufika."

Wakuu, mimi hapo najua kilichomo kwenye ile diski, na najua kisichokuwemo.

Je, nilisema? Sikusema. Nilichomeka deki nikijiombea umeme ukatike. Siku unayoutaka ukatike ndiyo siku hiyo unawaka vizuri.

Tukafungua diski ya pili. Menyu inapiga muziki, Kadogoo anakonyeza. Nikaona bora nipoteze muda, nikamwekea vingine kwanza. Kuna wazee wachoraji, miwani puani, wanapekua makaratasi yao ya michoro na kumsifia mwenzao aliyechora mvua. Kuna kipande kinaonyesha rangi ya zamani na rangi mpya baada ya kusafishwa. Kuna mtu anapiga kinanda. Ukweli ningekuwa na amani ningefurahia, maana nilijua kwa mara ya kwanza katuni yangu ilikuwa inahusu nini. Bwana Ushuru kumbe si mkubwa wa stesheni, ni daktari wa wanyama!

Yeye kakaa mbele kabisa, leso mkononi.

Tukaingia Deleted Scenes. Ziko tatu.

Ya kwanza, vyura wanaimba. Hamna kitu.

Ya pili, Bwana Ushuru akiwa mdogo, imechorwa kwa penseli tu, haina rangi, na namba pembeni. Nikaanza kwa mazoea, "Hapa sasa Bwana Ushuru anakumbuka..."

"Kaka, Kiingereza najua."

Nikaiacha ijisimulie.

Ya tatu, mama yake Kadogoo yuko zizini, anaangalia mlango. Penseli tupu, hakuna sauti. Anaangalia tu, anageuka, anaangalia tena. Ikaisha. Menyu ikarudi, punda akakonyeza.

Mwalimu akasema, "Na huyu walimkata mama yake."

Nikabonyeza rimoti kila mahali. Nikamwambia wakati mwingine wazungu wanaficha vitu, unabonyeza kushoto mara mbili kinatokea. Nikabonyeza kushoto, kulia, juu. Nilitoka jasho mpaka kwenye vidole. Ningeipata wapi harusi ya Kihonda kwenye diski ya Ulaya?

Akasimama, akaanza kurudisha diski kwenye boksi. Akasema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka, "Basi bibi alikuwa sahihi. Niliota."

Wakuu, mimi nimedanganya watu wengi na nikalala usingizi. Lakini kumwona mtu anafuta sura ya mama yake mbele yangu, kwa sababu ya uongo wangu wa kitoto, nilishindwa.

"Mwalimu, kaa. Hukuota. Muongo ni mimi."

Nikamwaga yote. Kamera, pilau, solotepu, kitufe cha sauti. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza nilitegemea matusi, na nilikuwa nayastahili.

Akauliza swali moja. "Pale kwenye harusi ulikuwa unawapa watu majina. Mama yangu ulimwita nani?"

Nilikumbuka palepale. Natamani nisingekumbuka.

"Shangazi Mlafi."

"Ndiyo," akasema. "Watoto wote walicheka. Na mimi nilicheka. Halafu nikaona ni mama."

Akavaa mkoba wake. Mlangoni akageuka, sura imekuwa ya mwalimu wa zamu. "Hiyo kaseti niletee."

Kesho yake asubuhi nikafunga kibanda, safari ya Mkuyuni.

Mzee Kibwana yupo, mzima, meno yamepungua ila ubahili uko pale pale. Banda la video sasa ni stoo ya ndizi. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kaseti zake ziko wapi.

"Kaseti? Ziko mashambani."

Nikajua amechanganyikiwa kwa uzee. Kumbe mimi ndiye mshamba. Mpunga ukianza kuiva, wakulima wanachomoa utepe wa kaseti, wanaufunga kwenye miti kuzunguka shamba. Upepo ukivuma unalia na kumetameta, ndege hawasogei. Mzee alikuwa amegawa kaseti zote kwa wenye mipunga, tena si bure, kila aliyechukua alimletea debe baada ya mavuno.

Nilitembea mashamba yale mpaka viatu vikaacha soli. Mikanda yote ya ujana wangu iko pale inapigwa na jua. Mgambo wangu anafukuza ndege! Nilishika utepe mmoja nikauangalia kama vile naweza kusoma ni ipi. Mama mwenye shamba akanipigia kelele, "We baba, acha kamba yangu!"

Nikarudi kwa mzee nimekata tamaa. Nikamweleza kwa nini naitafuta, mambo ya mwalimu na mama yake. Akajikuna kidevu.

"Ile ya punda?" akasema. "Ile sikumpa mtu. Ilinasa kwenye deki. Deki ilikufa nayo mdomoni."

Deki iko wapi? Darini, juu ya magunia ya karafuu.

Nilipanda ile ngazi mwenyewe, na kitambi changu. Deki imejaa vumbi, ndani panya wamezaa na kulea. Lakini kaseti imo, imekaa pale pale, na pembeni solotepu yangu imegeuka rangi ya chai. Mzee akataka nimwachie chochote kwa ajili ya deki yake mbovu. Nikamwambia mzee, tuogope Mungu.

Siku nne nilikaa na ile deki nikiifufua. Mkanda uliota ukungu, nikaufuta kwa spiriti kidogo kidogo, kwa kitambaa cha miwani, sehemu mbili umekatika nikaunga. Mafundi wenzangu walinicheka. Wateja walioniachia TV zao walikuja wakazichukua. Sikujali. Sikuijaribu hata mara moja, niliogopa ikipita mara moja itakuwa ndiyo mara ya mwisho.

Nikampigia mwalimu. Akasema, "Jumamosi mchana. Tutaangalia nyumbani kwa bibi."

Bibi, wakuu. Huyo ndiye shahidi mwenye bakora.

Jumamosi nikakodi bajaji mpaka stendi, TV ya chogo nimeipakata, maana hizi bapa za siku hizi nyingi hazina zile tundu tatu za waya wa deki. Mzee Kibwana naye akaja bila kualikwa, akasema yeye ni mpiga picha, ana haki zake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa punda?"

"Ndiyo bibi."

"Kaa mbali na mimi."

Nikakaa mbali.

Kaseti ikaingia, deki ikalia kama inasaga mahindi. Mistari, chenga, halafu Kadogoo kwenye mvua, rangi zimepauka. Akajilaza chini ya daraja. Pilau likatokea.

Mkono wangu, bila kuuagiza, ukaenda kwenye kitufe cha sauti. Mdomo nao ukafunguka kuanza.

Sikudhani akanishika mkono. "Leo usitafsiri."

Nikarudisha mkono. Na hapo ndipo nilipogundua jambo la ajabu. Miaka yote ile, nimeionyesha ile harusi mara zisizo na idadi, na sikuwahi hata siku moja kusikia watu wake wanasema nini.

Akapita mwenye kofia, anawaombea maharusi dua nzuri tu, masikini, na mimi nilimfanya mwizi wa nyama. Wakapita akina mama wanapiga vigelegele. Halafu kamera ikageukia kona ya mkekani.

Dada mmoja, kanga ya njano, tonge limejaa shavuni. Anaona kamera, anaziba mdomo kwa kiganja, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Sura ni ya Sikudhani kabisa, hata mwanya wa meno ya mbele.

Na akaongea. "We kaka! Usinichukue natafuna bwana! Hiyo utaikata, eh? Utaikata?"

Na pembeni ya kamera, karibu na taa, sauti ya kijana inamjibu upesi, ya mtu aliyezoea kuahidi.

"Usijali dada. Nitaikata."

Ilikuwa sauti yangu.

Kamera ikahama kwa watu wengine. Mama alionekana muda mfupi tu, hata dakika haikufika. Mzee Kibwana alivua kofia.

Bibi alikuwa ameuma ukingo wa kanga yake. Akasema, "Ndiyo sauti yake. Alikuwa hawezi kula bila kucheka, nilimkanya tangu mdogo." Kisha akamvuta Sikudhani mpaka kichwa chake kikalala mapajani mwake, mwalimu mzima wa watu, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mjukuu wangu, nilikuchapa bure. Nisamehe mama."

Wakalia wote wawili. Na mimi nililia, sitawaficha.

Baadaye, machozi yamekauka na chai imetoka, Sikudhani akanitazama. Nilijua sasa zamu yangu imefika, nikaiangalia bakora ya bibi iko wapi.

"Kaka," akasema, "alikuomba uikate na ukamkubalia."

"Ndiyo."

"Asante kwa kuwa muongo."

Basi wakuu, hayo ndiyo yaliyonikuta. Kaseti nimeihamishia kwenye flashi, nakala tatu. Wale wa familia ya harusi nao nawatafuta, pilau lenu lipo na lina sauti.

Nilichojifunza ni kufunga mdomo. Nilijiona mimi ndiye ninayewapa watu picha, kumbe kuna wakati nilikuwa nimekaa juu ya sauti ya mama wa mtu. Siku hizi mtu akiniletea kitu kilichorekodiwa, naongeza sauti kwanza, nasikiliza, ndiyo naanza ufundi. Na wewe mwenye kaseti chakavu nyumbani, hata kama ni ya katuni au mahubiri ya mtu usiyemjua, ipitishe mpaka mwisho kabla hujampa mwenye mpunga.

Wa Mkuyuni mliomo humu, najua mna hasira za miaka. Uwanja ni wenu, nitukaneni kwa mpangilio. Na wengine, nani ameshawahi kukuta mtu wake mahali asipotegemea, kwenye kaseti, redio, picha ya watu wengine? Nasoma zote, na safari hii najibu.

Ila yule jamaa wa banda la CD, kama upo, kopi yako haikuwa feki. Ilikuwa nzima.